Mianzi, Tofali na Msitu: Historia ya Nyumba katika Nchi ya Kyela

Msafiri ateremkaye kutoka Tukuyu kwenda Kyela huiacha nyuma baridi ya Rungwe, na baada ya mwendo usio mrefu hujikuta katika uwanda wa joto na unyevu, uliozingirwa na milima pande tatu, na upande wa nne ukiwa wazi kwa maji ya Ziwa Nyasa. Mashariki husimama safu ya Livingstone, ambayo huko Matema na Ikombe huliingia ziwa karibu wima kama ukuta. Magharibi viko vilima vya Undali. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani ikiwa imebeba udongo, na sehemu kubwa ya uwanda wa Kyela ni udongo huo huo uliotandikwa na maji kwa maelfu ya miaka. Mvua huzidi milimita 2000 kwa mwaka, na zipo sehemu ambako hukaribia 3000; nyingi katika hizo hunyesha kati ya Machi na Mei, wakati ambapo njia hugeuka vijito na mashamba hugeuka mabwawa.

Katika nchi ya namna hii mtu hawezi kusimamisha nyumba pasipo kushauriana na maji, na udongo, na miti. Mashauri hayo yana historia yake, nayo ndiyo tunayokusudia kuieleza. Tumezoea, tunapofundisha utamaduni wa taifa letu, kutaja ngoma, mavazi, miiko na tenzi. Nyumba tunaipita mlangoni bila kubisha hodi, kana kwamba ni kitu cha kujikinga na mvua tu. Lakini ni vitu vichache alivyovifanya binadamu vinavyoichukua mali ya ardhi kwa wingi kama nyumba. Atakaye kujua watu wa mahali fulani waliishi vipi na msitu wao, na aulize kwanza walijenga kwa kitu gani.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya walioacha maandishi juu ya nchi hii walifika katika miaka ya 1870. Frederick Elton, balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, alipita mwaka 1877. Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, alifika mwaka 1879, na kitabu cha safari yake kikatolewa mwaka 1881. Thomson alikuwa amekwisha kuona vijiji vingi njiani tangu pwani, wala hakuwa mwepesi wa kusifu. Hata hivyo alipofika kwa Wanyakyusa alistaajabu: viwanja vilivyofagiliwa, migomba iliyopangwa, nyumba zilizojengwa kwa ustadi wa mikono iliyojua inachokifanya. Sisi hatuhitaji ushahidi wa mgeni ili tuamini kwamba babu zetu walikuwa mafundi. Lakini ushahidi huo una faida moja: uliandikwa kabla ya serikali ya Kijerumani na kabla ya misheni, na kwa hiyo hakuna awezaye kudai kwamba usafi ule na ustadi ule vilifundishwa na mtu aliyetoka ng'ambo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mianzi. Zilikuwapo nyumba za duara na zilikuwapo nyumba ndefu za watu wazima wenye wake na mifugo. Mianzi ilisimikwa kwa karibu-karibu, ikafungwa kwa kamba za maganda ya miti au ya migomba, na nafasi zilizobaki zikatomewa kwa mabonge ya udongo wa mfinyanzi. Kazi ya kusimamisha na kuezeka ilikuwa ya wanaume. Wanawake walisiriba kuta na kuilainisha sakafu, na mwanamke mwenye jicho zuri alipamba kiambaza chake kwa udongo wa rangi. Paa lilikuwa la nyasi, nene, lenye upenu ulioshuka chini kupita kiambaza ili mvua isipige udongo. Ng'ombe walilala ndani pamoja na wenye nyumba, upande wao, na samadi ilizolewa kila asubuhi na kupelekwa migombani. Moto uliwaka ndani karibu wakati wote. Moshi wake ulikausha nyasi na kuwafukuza wadudu wanaotoboa mwanzi. Kwa maneno mengine, jiko lilikuwa sehemu ya ujenzi: nyumba iliyoachwa bila moto ilizeeka upesi kuliko nyumba iliyokaliwa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo twapenda msomaji alizingatie. Mwanzi ukikatwa haufi. Huchipua tena kutoka shinani, na baada ya miaka mitatu au minne mashina mapya huwa yamekomaa kwa kujengea. Nyasi za kuezekea huota kila mwaka. Udongo wa kiambaza huchimbwa hatua chache kutoka mlangoni, na nyumba inapoanguka hurudi pale pale ulipotoka. Migomba hupandwa juu yake na husitawi kuliko mahali pengine. Hivyo kila kitu kilichoazimwa kutoka katika ardhi kwa ajili ya nyumba ile, ardhi iliweza kukirudisha katika muda ambao mjenzi mwenyewe alikuwa bado hai. Hesabu hiyo haikuandikwa popote, lakini ilitunzwa.

Ilitunzwa kwa sababu ililingana na namna ya watu ya kuishi. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa elimu ya jamii waliokaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walieleza kwa kirefu desturi ambayo haionekani mara nyingi duniani: vijiji vya rika. Wavulana wa miaka kumi au kumi na zaidi kidogo waliondoka katika nyumba za wazazi wao, wakajenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji. Mchana walirudi kula kwa mama zao na kulima kwa baba zao. Usiku walilala kwao. Rika hilo lilikua pamoja, likaoa, likaleta wake, na kile kijiji cha kuchezea kikawa kijiji cha kweli, ikipanga kwa Kinyakyusa. Kila baada ya kizazi kimoja ilifanywa sherehe ya ubusoka, ambapo wazee walikabidhi nchi kwa vijana: watawala wapya walitokezwa hadharani, viongozi wa vijiji, yaani amafumu, waliteuliwa, na miti ilipandwa kuwa ukumbusho wa kutawazwa huko. Twaona ni jambo la maana kwamba watu hawa, walipotaka kuweka alama ya utawala mpya, walipanda mti.

Sasa fikiri: mvulana wa miaka kumi na miwili anajenga nyumba. Hawezi kupasua mawe wala kuangusha mvule. Anaweza kukata mianzi, kukata nyasi na kukanda udongo. Akikosea, kibanda kinaanguka naye anajenga kingine, tena bora, mbele ya macho ya wenzake wasiosita kumcheka. Alipofikia umri wa kuoa alikuwa fundi, kama walivyokuwa wenzake wote. Hapakuwa na kijana wa kiume asiyejua kujenga, na hapakuwa na kazi iitwayo ya mjenzi peke yake. Ukwangala, ule ushirika mwema wa marika ambao Wanyakyusa waliuthamini kupita mali, ulianzia katika kusaidiana kuinua paa.

Hata hivyo tusiipambe nyumba ile kupita kiasi. Ilikuwa na giza na moshi, na moshi huharibu macho na mapafu. Iliweza kuungua kwa cheche moja. Paa lilihitaji kuezekwa upya mara kwa mara, na panya walilipenda kama walivyolipenda wenyeji. Wala si kweli kwamba wazee wetu hawakukata miti. Walifyeka misitu mingi kwa ajili ya mashamba na malisho. Waliacha vichaka vya matambiko na makaburi ya watawala, na vichaka hivyo vilibaki vimesimama kwa sababu ya hofu ya mizimu zaidi ya sababu ya elimu ya mazingira. Lakini hofu nayo hulinda msitu. Tulisemalo ni dogo zaidi, na kwa kuwa ni dogo twaweza kulithibitisha: katika mambo yote yaliyoumaliza msitu wa nchi hii, nyumba ya mianzi haikuwa miongoni mwake.

Tofali la kuchoma lililetwa na misheni. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mkataba, wakaufanya mto Songwe kuwa mpaka, na ndugu zetu Wangonde wakabaki ng'ambo ya pili, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Mwaka uliofuata, 1891, wamisionari Wajerumani wa Moravian walianza kituo chao Rungwe, na wenzao wa misheni ya Berlin wakaingia upande wa mashariki wakiongozwa na Alexander Merensky. Watu hawa walitoka katika nchi za theluji, ambako nyumba hujengwa ili wajukuu wairithi. Kwao jengo lisilodumu lilikuwa dalili ya imani isiyodumu. Wakafinyanga matofali, wakajenga matanuru, wakawafundisha vijana kazi hiyo, na kanisa la matofali likawa kielelezo cha kila kilichohesabiwa kuwa cha kisasa.

Hatuna ugomvi na kanisa la matofali. Jengo moja la ibada linalosimama miaka mia haliumalizi msitu. Jambo kubwa lilikuwa somo lililoambatana nalo: kwamba nyumba njema ni ile isiyorudi udongoni. Somo hilo lilipata wasaidizi wengi. Serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na nyumba, ambayo ilikuwa kitu cha kujengwa na kuachwa, ikawa kitu cha kuhesabiwa na karani. Kahawa ilipandwa milimani, na mtu aliyepanda kahawa hakutaka tena kuhama na rika lake. Mpunga wa kuuza ukafanya vivyo hivyo huku uwandani. Katika miaka ya 1930 vijana wengi walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, katika nchi ya Chunya, na wengine wakavuka mpaka kwenda katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Waliporudi na fedha walitaka kuonyesha kwamba wamerudi na fedha. Bati liling'aa juani likaonekana kutoka mbali, nyasi hazing'ai. Akina Wilson walipokuwa wakiandika habari za vijiji vya rika, desturi ile ilikuwa tayari imeanza kuyumba, na ilipokoma, ile shule ya ujenzi isiyo na mwalimu ilifungwa pamoja nayo. Ndipo likapatikana tabaka jipya la watu: wale wasiojua kujijengea.

Uhuru ulipopatikana, serikali ilitaka wananchi wake waishi katika nyumba bora, na ni nani angeikataa nia hiyo? Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilihimiza vyoo na usafi wa makazi. Katika miaka hiyo hiyo ya vijiji vya ujamaa, nyumba ya tembe, ya msonge au ya fito ilihesabiwa kuwa ni nyumba ya jana. Mwaka 1971 kilianzishwa Kitengo cha Utafiti wa Ujenzi huko Dar es Salaam ili kutafuta njia za kujenga kwa gharama nafuu kwa vitu vipatikanavyo nchini. Kisha mwaka 1977, katika Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, Mwalimu Julius Nyerere aliwakemea Watanzania kwa kutawaliwa na mapenzi ya saruji na mabati. Alieleza kwamba saruji kwa asili yake ni udongo tu, ambao ungeweza kuitwa udongo wa Ulaya, na akasikitika kwamba watu hukataa tofali la kuchoma na kigae, wakakaa kungoja bati na udongo huo.

Kwa upande wa fikra, Mwalimu alikuwa amegusa penye kidonda. Utumwa wa akili hauonekani mahali pengine waziwazi kama katika nyumba ambayo mtu huishi akiionea haya. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1980, miaka mitatu tu baadaye, ilianza kampeni nyingine ya taifa iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya masomo, nayo iliitwa Misitu ni Mali. Wananchi waliambiwa wapande miti na waache kuimaliza iliyopo. Kwa hiyo mwananchi mmoja, katika kijiji kimoja, alisikia sauti mbili zilizotoka mahali pamoja: choma matofali, usikate miti. Kila sauti ilikuwa ya haki. Walioziunganisha walikuwa wachache. Tofali la kuchoma ni la kujitegemea kwa upande wa udongo. Kwa upande wa moto ni mkopo, na mkopeshaji ni msitu.

Asiyewahi kukaa karibu na tanuru huenda asielewe ukubwa wa mkopo huo. Matofali mabichi hukaushwa kivulini, kisha hupangwa kuwa lundo kubwa lenye matundu kwa chini. Matundu hayo hulishwa kuni, na kuni zenyewe si vijiti vya kupikia ugali; ni magogo, na magogo ya mti mgumu ndiyo yanayopendwa. Moto huwaka usiku na mchana, kwa siku kadhaa, na sehemu kubwa ya joto lake hupotea hewani, kwa maana tanuru la kijijini halina ukuta wa kulizuia. Matofali ya pembeni hutoka mabichi nusu, na mara nyingi hutupwa. Miti ya asili ilipopungua, ilifuata ile ya kupandwa. Sisi tumeona miembe iliyokwisha kulisha watoto wa vizazi vitatu ikiangushwa kwa ajili ya tanuru moja, na mwenye miembe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba aliyetaka wanawe walale mahali pasipovuja.

Vilima vilivyozunguka uwanda vilipovuliwa nguo, maji yalipata njia fupi. Tusiliongezee tofali dhambi zisizo zake: mashamba ya miteremkoni yana sehemu kubwa zaidi katika jambo hili, na mafuriko yalikuwapo Kyela tangu hapo. Lakini mto unaoteremka katika kilima kitupu hubeba udongo mwingi kuliko mto unaoteremka msituni, nao huutua mahali fulani. Bandari ya Itungi imesumbuliwa kwa miaka mingi na mchanga uletwao na mto. Songwe nao huhama. Katika uwanda wa chini umebadilisha mkondo mara nyingi, na kwa kuwa mto huo ndio mpaka, kuhama kwake kumewaacha watu wakiuliza wako katika nchi gani. Ndiyo sababu mojawapo iliyozifanya Tanzania na Malawi zishirikiane juu ya bonde la mto huo na kutia sahihi mkataba wa pamoja mwaka 2017. Ziwa lenyewe pia halitulii. Kuanzia mwaka 1915 hadi 1935 hivi maji yake yalikuwa chini kiasi kwamba mto Shire, ulioko kusini, ulikoma kuyatoa. Kisha yakapanda, hata mwaka 1980 yakafikia kimo kikubwa kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Mtu wa nyumba ya mianzi asingehitaji sheria hiyo kwa ukali huo huo; maji yalipomjia alipoteza mianzi na siku chache za kazi. Mtu wa nyumba ya matofali hupoteza akiba ya maisha yake yote, na kwa hiyo hukataa kuondoka hata maji yakiwa mlangoni.

Kuna jambo la pili, ambalo halizungumzwi sana. Nchi ya Kyela imekaa juu ya Bonde la Ufa. Mlima Kiejo ulitoa moto mara ya mwisho yapata mwaka 1800, na tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko kubwa la upande wa Rukwa, lenye ukubwa wa 7.4, liliitikisa nchi yote ya kusini magharibi. Wakati huo nyumba nyingi za wananchi zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Mwezi Desemba 2009 ardhi ilitetemeka kwa majuma kadhaa huko Karonga, ng'ambo ya Songwe, na tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 19, lilikuwa na ukubwa wa 6.0. Watu walikufa, na nyumba nyingi zilibomoka au kupasuka. Waliochunguza madhara hayo waliona kwamba zilizoumia zaidi zilikuwa zile za matofali yaliyounganishwa kwa udongo tu, zisizo na nguzo wala mkanda wa kuzishika. Mwanzi hupinda kisha husimama. Tofali halijui kupinda. Nyumba iliyohesabiwa kuwa imara kuliko ya babu ilikuwa imara dhidi ya mvua, moto na panya, lakini dhidi ya adui huyu mmoja ilikuwa dhaifu zaidi, tena yenye uzito wa kuua. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao walijua ufa wa ukutani. Ufa ulio chini ya Kyela hauzibiki, na kwa hiyo ni ukuta unaopaswa kujifunza.

Je, turudi katika mianzi na nyasi? Swali hili huulizwa na wanafunzi kila mara, nalo ni la haki, lakini jibu lake linaonekana shambani. Nyika zilizotoa nyasi za kuezekea ni mashamba ya mpunga leo. Watu wameongezeka mara nyingi, nao wamekaa mahali pamoja. Bati, pamoja na kelele zake wakati wa mvua na joto lake mchana, humpa mama maji safi ya mvua mlangoni. Hakuna mzee wa Kyela, hata yule asifuye kila cha zamani, atakayelivua bati lake arudishe nyasi. Saruji nayo haiji tena kutoka Ulaya: kiwanda cha Wazo Hill kilianza mwaka 1966, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikafuata kile cha Songwe, karibu na mji wa Mbeya, ambayo isichanganywe na Songwe ya mpakani. Lakini saruji ina moto wake. Mawe ya chokaa huchomwa kwa nyuzi 1450 hivi, na yenyewe yakichomwa hutoa hewa ya ukaa. Kwa dunia nzima hukadiriwa kwamba saruji hutoa kiasi cha asilimia 7 au 8 ya hewa hiyo itokanayo na kazi za binadamu. Moshi huo hauonekani Kyela, ila mvua zinazobadilika kwa sababu yake zitaonekana.

Kinachowezekana kurudi ni ile hesabu: kwamba kinachoazimwa kwa ajili ya nyumba kilipwe na mwenye nyumba, katika maisha yake, mahali hapo hapo. Dalili za hesabu hiyo zipo. Kile kitengo cha mwaka 1971 kiligeuzwa mwaka 2001 kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Ujenzi, na miongoni mwa kazi zake ni matofali ya kufungamana. Tofali hilo hufanywa kwa udongo wa kawaida uliotiwa saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono, likamwagiwa maji kwa siku kadhaa hata likomae. Halichomwi kabisa. Kwa kuwa limekatwa kwa namna ya kushikana na mwenzake, halihitaji udongo mwingi wa kuunganishia, na fundi akiacha matundu yake yapitishe nondo, ukuta hupata ule uti wa mgongo ambao nyumba za Karonga hazikuwa nao. Twaona tofali hili lina undugu zaidi na kiambaza cha mianzi kuliko na tofali la misheni, ijapokuwa kwa sura linafanana na hilo la pili.

Miti nayo imeanza kurudi kwa njia ambayo wapangaji hawakuitazamia. Kyela ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania, na mkakao ni mti wa kivulini. Mkulima wake hulazimika kuacha miti mirefu juu yake. Mtu aliyekataa kupanda mti kwa ajili ya mvua amekubali kuutunza kwa ajili ya kakao. Mianzi ingali inaota kando ya mito, ikikatwa kwa ajili ya uzio na vichanja, na mizizi yake husaidia kuishika kingo. Shule yenye eneo kando ya Mbaka au Kiwira ingeweza kuipanda na kuwafundisha wanafunzi kutomea na kusiriba ukuta mmoja tu, wa banda la bustani, ili mikono ijue kile ambacho vitabu vinakitaja.

Na kwa yule ambaye hana budi kuchoma, kuna pumba. Mchele wa Kyela unasifiwa nchi nzima, na kila gunia linalokobolewa huacha maganda yake nyuma. Katika sehemu nyingi zilimwapo mpunga, mafundi wamejifunza kuyapanga matofali pamoja na pumba na kuyawasha yaungue polepole kwa siku nyingi, pasipo gogo hata moja. Tofali linalotoka lina rangi njema na mlio wa chungu. Tukipita kwenye mashine za kukoboa wakati wa mavuno twaona vilima vya pumba hizo vimerundikwa nje, vingine vikitiwa moto ili kupisha nafasi ya vingine, huku kuni za tanuru zikiendelea kushuka kutoka milimani.